Habari, Ishara na Miswada ya Kale ya Kiswahili

Neno "habari" lina matumizi mawili yasiyolingana. Asemaye "leta habari" huifanya habari kuwa kama mzigo, utokao mkononi mwa huyu ukaingia mkononi mwa yule. Lakini asemaye "fulani hana habari" huzungumzia hali ya mtu: maneno yaweza kuwa yamepita masikioni mwake, naye asiwe na habari. Katika tofauti hiyo ndimo zinamoachana elimu mbili zilizojaribu kueleza habari ni kitu gani.

Ya kwanza ni ya Claude Shannon wa Marekani, aliyechapisha mwaka 1948 nadharia ya hesabu juu ya upelekaji wa habari. Kwake habari ni kipimo cha uchaguzi: ujumbe mmoja umeteuliwa miongoni mwa jumbe nyingi zilizowezekana. Maana aliiweka kando waziwazi, kwa kuwa haikuhusu kazi ya mhandisi. Ya pili ni elimu ya ishara ya Charles Sanders Peirce (1839–1914). Yeye aliona pande tatu: ishara yenyewe, kitu inachokisimamia, na fahamu inayozaliwa kwa mpokeaji.

Elimu hizi zaweza kupimwa kwa miswada ya kale ya mwambao wa Afrika Mashariki, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Irabu za Kiswahili ni tano, na alama za irabu za Kiarabu ni tatu. Kwa hivyo kasra ilisimama mahali pa i na e, na dhamma mahali pa u na o. Herufi be nayo ilitumika kwa b, p na mb. Basi be mbili, kila moja na kasra yake, zaweza kusomwa bibi, pipi au pembe. Hata ye ikiongezwa baada ya be ya kwanza ili kuvuta sauti, shaka haiondoki, kwani maneno yote matatu huvutwa mahali pale pale.

Kwa hesabu ya mhandisi, mwenye kunakili alama zote hajapoteza kitu. Lakini msomi wa Kiarabu asiyejua Kiswahili ataziona alama zote, wala asijue pembe imetajwa. Kwa hayo yaonekana kuwa Peirce ameshinda na Shannon ameshindwa.

Hukumu hiyo ni ya haraka. Shannon alichunguza pia ziada, yaani sehemu ya ujumbe ambayo mwandishi haichagui bali hulazimishwa na kanuni za lugha yake. Katika Kiingereza cha kawaida aliikadiria kuwa kama nusu. Ziada ndiyo inayookoa ujumbe ulioharibika njiani. Utenzi una ziada yake: ubeti una vipande vinne vya mizani nane nane, vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina cha utenzi wote. Neno lile lenye shaka likisimama kwenye kina pamoja na kiumbe na ujumbe, msomaji atashika pembe na kuacha bibi. Mizani haiamui hapo, maana silabi ni mbili katika yote; kazi yake ni kufichua neno lililoangushwa na mnakili.

Hata hivyo, ziada hiyo humfaa nani? Humfaa anayejua kwamba kiumbe na ujumbe ni maneno, na anayezijua kanuni za vina. Ujuzi huo haumo katika wino. Kwa hiyo elimu mbili hizi hazipingani, bali kila moja ina upungufu ambao nyingine huujaza: Shannon hueleza ni shaka kiasi gani imeondolewa, Peirce huuliza ni shaka ya nani.

Jambo hili lina uzito kwa wahariri. Kila ahamishaye utenzi kwenye herufi za Kirumi huandika pembe mahali ambapo mswada umeacha njia tatu wazi. Kazi hiyo si kunakili, ni kufasiri. Toleo lisiloonyesha hati ya asili, wala kutaja mahali penye shaka, humpa msomaji uamuzi wa mhariri kana kwamba ni neno la mtunzi. W. E. Taylor alipokusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, alikuwa naye Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, wa kumweleza. Mhariri asiye na mwalimu kama huyo hana budi kukiri shaka yake ukurasani.

Leo picha za miswada huwekwa katika kompyuta bila kupungua hata nukta moja. Kazi hiyo ni njema, lakini huhifadhi ishara tu. Chuo kinachohifadhi picha hizo kisifundishe wanafunzi kuzisoma hati hizo, kitakuwa na hazina ya alama, wala hakitakuwa na habari.