Mkono wa Upande wa Pili

Fistula ya nyuma ya jicho, pale ateri ya karotidi inapochanika na kumwaga damu katika vena zinazopokea damu ya jicho, husikika kabla haijapigwa picha. Mhudumu wa Hospitali ya Bwera, jirani na mpaka wa Mpondwe magharibi mwa Uganda, akiweka stetoskopu juu ya kope la mtu aliyeumia kichwa kwa ajali ya boda boda, aweza kusikia mvumo unaokwenda sambamba na moyo; jicho lenyewe limesukumwa mbele, jekundu, na linadunda.

Tiba zake zina mitindo. Mwaka 1809, Benjamin Travers wa London aliifunga kwa uzi karotidi ya mgonjwa wa aina hii: kazi ya ujasiri, lakini iliyoziba mto mzima kwa ajili ya kijito kimoja. Mwaka 1974, Fedor Serbinenko wa Moscow alichapisha mbinu ya kupitisha puto dogo ndani ya mshipa na kuliacha penye mpasuko. Nyaya laini za platini zilifuata njia hiyohiyo.

Umbo ninalolihusudu zaidi, hata hivyo, ni la mkono mtupu. Mwenye fistula ya mtiririko hafifu hufundishwa kubana karotidi na vena ya shingo, upande wa jicho bovu, kwa sekunde chache, mara kadhaa kwa siku, ili damu ipungue kasi na kugandia penye tundu. Sharti ni moja: abane kwa mkono wa upande wa pili. Karotidi ya kushoto hulisha nusu ya kushoto ya ubongo, nusu inayoutawala mkono wa kulia. Ubongo ukikosa damu, mkono unaobana ndio unaolegea, na damu hupita tena. Tendo na kinga yake vimetiwa katika kiungo kimoja, bila kifaa wala msimamizi. Uchumi wa namna hii wa umbo ni nadra hata katika ushairi.

Lakini wepesi huo unahadaa. Si kila fistula hupona hivyo, na ile inayorudisha damu kwenye vena za ubongo, au shingo yenye ateri iliyosongwa na mafuta, huigeuza mbinu hii kuwa hatari. Kwa hiyo kati ya mji wa Kasese na Bwera stetoskopu yaweza kuitambua fistula, ila mkono usifundishwe kubana kabla picha ya mishipa haijasomwa.