Mkono Mmoja Kwenye Barakoa

Kuishika barakoa ya mtoto mchanga kunahitaji mkono mmoja tu, na ugumu wote umo humo. Kidole gumba na cha shahada vinaizunguka barakoa kwa juu. Vitatu vilivyobaki vinalala kwenye mfupa wa taya na kuunyanyua kidogo, bila kuzama kwenye nyama laini ya chini ya kidevu, maana ukikandamiza pale unausukuma ulimi juu na kuziba njia ileile unayotaka kuifungua. Kichwa hakiinami wala hakipinduliwi nyuma. Kinakaa kama cha mtu anayenusa ubwabwa wa jirani. Mkono wa pili unaminya mfuko wa hewa, ule ambao leba wanauita ambu, kwa mwendo wa pumzi 40 hivi kwa dakika, huku mkunga akijihesabia kwa mdomo: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Katika hesabu yake, kuminya ni kwa moja, na mbili na tatu ni za kuiachia hewa itoke. Macho hayatazami mfuko wala barakoa. Yanatazama kifua. Kifua kisipopanda, hewa inavujia pembeni, au kichwa kimekaa vibaya, au kinywa kina uchafu, au mkono umeminya kwa woga.

Zipo nchi, kama Marekani, zenye kada nzima inayosomea upumuaji na kufanya kazi hiyo tu maisha yao yote. Katika hospitali za Shinyanga na Geita, hapa Tanzania, pumzi ya mtoto anayezaliwa saa tisa usiku imo mikononi mwa muuguzi mkunga, ambaye pengine muda huohuo ana akina mama wengine wawili wanaosukuma. Amesoma stashahada miaka mitatu, labda pale Kolandoto, kwenye chuo kilicho kando ya hospitali iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1913, akapata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ndani ya miaka hiyo mitatu alifundishwa mambo chungu nzima, na kumpumulisha mtoto ni mojawapo tu. Ukanda huu wa machimbo una shida nyingine za kifua: vumbi la mawe ya dhahabu yanayosagwa, silikosisi, kifua kikuu cha wachimbaji. Nazo zina mafundi wao. Mimi leo nimevutwa na huyu wa leba.

Tumboni mapafu ya mtoto yamejaa maji, na oksijeni yake yote hupitia kwenye kondo la nyuma. Anapotoka, maji hayo lazima yapishe hewa ndani ya muda mfupi sana. Wengi hulia na kazi ikaisha. Takriban mmoja kati ya kumi huhitaji kusaidiwa kidogo: kukaushwa vizuri, kusuguliwa mgongo. Ndiyo maana khanga alizokuja nazo mama ni vifaa vya tiba: ya kwanza inamkausha na kuondolewa ikiwa imelowa, ya pili inamfunika. Wachache kati ya hao wataendelea kulegea bila kupumua, na hao wanataka mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Wakufunzi wanaiita dakika ya dhahabu (jina limetungwa mbali na Geita, halihusiani na machimbo). Watafiti waliokaa na saa mkononi katika leba ya Haydom, mkoani Manyara, waliona kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kupumulisha ziliongeza hatari ya mtoto kufa au kulazwa muda mrefu kwa asilimia 16.

Hospitali hiyohiyo ya Haydom ndiyo iliyotoa somo ninaloliona la maana kuliko takwimu zote. Mwaka 2010 wakunga wake walipata kozi ya siku moja ya kupumulisha watoto. Miezi saba baadaye walipimwa kwa mwanasesere wa mazoezi, wakafanya vizuri kuliko zamani. Lakini kitandani, kwa watoto halisi, mambo yalikuwa yaleyale. Ujuzi ulikuwa umeishia kwenye chumba cha semina. Walichofanya baadaye ni kitu kidogo mno, hata aibu kukiandikia mradi: dakika chache za mazoezi, mara kwa mara, palepale wodini, kabla zamu haijachangamka. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Sisi tuliozoea semina za hotelini, zenye bahasha ya posho na cheti cha kutundika ukutani, tuitazame namba hiyo vizuri.

Utaratibu huo ndio uliosambazwa mpaka huku. Kati ya mwaka 2021 na 2023 hospitali na vituo vya afya 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza viliingia kwenye mpango wa uzazi salama ulioongozwa kutoka Haydom, na matokeo yake, yaliyoandikwa na Benjamin Kamala na wenzake, yakachapishwa mwaka 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine. Vifo vya watoto kabla na mara baada ya kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000, na vya akina mama kwa robo tatu. Mikoa haikulingana, kwingine nafuu ilikuwa kubwa, kwingine ndogo. Hilo halinishangazi kwa kazi inayokaa mikononi mwa watu.

Mwanasesere wa mazoezi anaitwa NeoNatalie. Ana uzito wa mtoto kweli, kichwa chake kinaning'inia kisiposhikwa, na kifua hakipandi mpaka barakoa ikae sawasawa. Toleo jipya limeunganishwa na kishikwambi kinachomwambia mkunga hewa ilivuja kiasi gani na alisimama mara ngapi bila sababu. Kusimama ndilo kosa la wengi, hata wazoefu: unaminya mara kumi, moyo unakudunda, unaacha ili umfyonze tena, umsugue tena, umwite daktari. Mapafu yaliyoanza kufunguka yanarudi nyuma. Fundi anajulikana kwa kutoacha. Anaita msaada kwa sauti huku mkono ukiendelea na hesabu yake.

Halafu kuna yule mtoto mweupe, mlegevu, asiye na dalili yoyote. Zamani, na si zamani sana, wengi wa namna hii waliandikwa kitabuni kwamba wamezaliwa wafu. Utafiti wa awali katika hospitali nane za Tanzania, ulioongozwa na Georgina Msemo na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa wakunga walipofundishwa kupumulisha, vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na wale walioandikwa kuwa walifia tumboni muda mfupi kabla ya kuzaliwa wakapungua kwa asilimia 24. Baadhi ya "wafu" hao moyo wao ulikuwa bado unapiga, taratibu, chini ya kiwango ambacho kidole kilichochoka kinaweza kukihisi kwenye kitovu. Sasa kipo kipimo chenye umbo la pete iliyokatika, kinachobana kifua cha mtoto na kuonyesha mapigo ndani ya sekunde chache. Chini ya 100, endelea kuminya.

Adui wa ufundi huu ni barua ya uhamisho. Mkunga aliyefanya mazoezi mwaka mzima anapelekwa wodi ya wanaume, na nafasi yake anachukua kijana mwenye leseni mpya na mikono isiyozoea. Hapo ndipo ninapouliza swali moja kuhusu wodi yoyote ya Kahama, Geita au Shinyanga mjini: mwanasesere anakaa wapi? Akiwa kabatini, na ufunguo uko kwa muuguzi mfawidhi, kijana huyo atajifunzia kwa mtoto wa mtu. Akiwa mezani karibu na vitanda, barakoa ikiwa imeachwa wazi juu ya kifua chake, mkongwe wa zamu atamwambia tu, wakati wakimsubiri mama afikishe sentimita kumi: njoo hapa mdogo wangu, shika taya, niminyie nione.