Mwananchi anakatwa wapi?

Wandugu, kuko kijikaratasi kimoja juu ya kilimo cha muhogo kinachozunguka kwetu Kabambare. Mashauri yake ni mazuri: kuchagua miti isiyo na ugonjwa, kupanda kwa mistari, kupalilia mapema. Lakini mwisho wa mistari, maneno yamekatwa vibaya: "kupan-da", "mwanan-chi", hata "Kabam-bare". Hiyo ni kanuni ya Kifaransa iliyovalishwa Kiswahili.

Silabi ya Kiswahili kwa kawaida inaisha na vokali, na mb, nd, nz havitengani: ku-pa-nda, Ka-ba-mba-re. Mkulima anayejifunza kusoma akikuta "Kabam-", anafunga midomo pale ambapo lugha yake haifungi. Anashindwa, halafu tunasema hajui.

Kwa maneno ya kuunganisha, angalia Kiholanzi, lugha mojawapo ya Wabeljiji. "Bommelding" ni bom-melding, taarifa ya bomu. Ukikata bommel-ding, maana inapotea. Pale lazima ujue maneno mawili yanakutana wapi, na mkazo mara nyingi unakaa kwenye neno la kwanza. Kwetu ni rahisi zaidi: neno likiisha kuungana, linabaki na mkazo mkubwa mmoja, silabi ya pili kutoka mwisho. Mwana na funzi ni mwa-na-FU-nzi, basi.

Ugumu unakuja na m na n zinazosimama peke yake kama silabi: m-tu, n-chi. Kwa hiyo mwananchi ni mwa-na-N-chi. Mkazo unakaliwa na n yenyewe. Sisi tunasema mwanainchi na mwanamuke, na wengine wanatucheka eti tunaharibu lugha. Sikiliza vizuri: mwa-na-I-nchi, mwa-na-MU-ke. Mkazo haukuhama hata kidogo. Mdomo wa Maniema unaweka vokali pale ambapo Kiswahili sanifu kinaiachia konsonanti kazi ya vokali.

Tena maandishi ya sanifu yana mtego wake. "Mbuni" ni ndege mkubwa, mbu-ni, lakini ni mti wa kahawa pia, m-bu-ni. Herufi ni zile zile, silabi mbalimbali.

Sitaki kila mtu aandike kama tunavyosema sokoni. Ila anayechapisha kwa ajili ya wakulima asiiachie kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa ikate maneno. Asome kwa sauti kwanza. Kama hana wakati, asikate kabisa: apeleke neno zima kwenye mstari unaofuata.