Adabu katika baruapepe ni kinga, si pambo

“TUMA hiyo orodha sasa hivi.”

Huo ndio ujumbe mzima wa baruapepe ambao mhasibu mmoja ninayefanya kazi naye aliupokea majuzi, ukiwa na jina la mkubwa wetu. Haukuwa na mada, salamu wala sababu. Orodha iliyotakiwa ilikuwa na nambari za vitambulisho na za akaunti za benki za wafanyakazi wote. Nusura aitume. Alipoikagua anwani, aligundua kwamba herufi moja ilikuwa imebadilishwa. Aliyeandika alikuwa tapeli.

Nilipomuuliza kwa nini hakushuku mapema, alinijibu: “Mwalimu, kwani mdosi huandika vipi? Si ni hivyo hivyo kila siku?”

Jibu hilo lilinikosesha la kusema. Aghalabu adabu katika mawasiliano ya ofisini huchukuliwa kuwa pambo la lugha. Mimi naiona kuwa kinga. Mkubwa anayeamrisha kwa maneno mawili matatu huwazoesha walio chini yake kutii bila kuuliza, na tapeli hahitaji zaidi ya hapo.

Hebu tutazame lugha yenyewe. ‘Tuma’ ni amri tupu. ‘Naomba unitumie orodha ya mishahara tuliyoizungumzia Jumatatu, ili niiwasilishe kwa wakaguzi’ ni ombi lenye sababu na kumbukumbu ya pamoja. Tapeli anaweza kuiba jina, lakini mazungumzo ya Jumatatu hakuyasikia.

Wapo watakaodai kuwa baruapepe ni chombo cha haraka na kwamba maelezo hayo ni kupoteza muda. Sikubaliani nao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humpa mwajiri saa 72 tu kumwarifu Kamishna wa Data pindi anapogundua kuwa data za watu zimevuja na huenda zikawadhuru. Dakika moja ya kuandika kwa staha ni nafuu kuliko saa hizo.

Nami si msafi. Nilipozipitia baruapepe nilizotuma mwezi uliopita, nyingi zilianza kwa ‘leta’, ‘tuma’ na ‘harakisha’. Nimeanza kujirekebisha. Nanyi mnaopokea amri kama hizo, inueni simu muulize kwanza. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa heshima.