"Zana" na "Kuzungumza" Katika Darasa la Kwanza

Istilahi zana za kufundishia imekwisha kuzoeleka mno hata hakuna aulizaye inabeba maana gani. Zana ni neno la kazi: tuna zana za kilimo na zana za vita, na kila mara zana humtii aliyeishika. Darasani aliyeishika ni mwalimu. Waandishi wa miongozo hulitumia neno hili sambamba na vifaa na vielelezo, kana kwamba yote matatu ni mamoja, na kosa hilo la istilahi huzaa kosa la ufundishaji.

Tuchukue mfano wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu mwaka 1967, lakini huko wako watoto wengi waingiao darasa la kwanza wakiwa na Kisukuma tu. Mwalimu huinua kalamu, darasa zima huitikia, "Hii ni kalamu." Baadhi yao hutamka karamu, maana Kisukuma hakitofautishi l na r, na kalamu iliyoinuliwa haiwezi kuwajulisha kwamba wametaja shughuli ya kula na kunywa. (Mahali na mahari ni jozi ya hatari zaidi kwa jamii ya wafugaji.) Somo likiisha, huandikwa kwamba stadi ya kuzungumza imefundishwa. La hasha! Kuzungumza huhitaji watu wawili, na mmoja wao awe na jambo asilolijua mwenzake. Kilichofanyika hapo ni kuitikia.

Sasa liletwe kapu lililofunikwa, ndani mna kitumba cha pamba, kibuyu kidogo na michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Mtoto mmoja atie mkono ashike kitu kimoja, wenzake wamwulize: "Ni kigumu?" "Kinaliwa?" Atajibu, kwa sababu ni yeye peke yake ajuaye. Upatanisho wa kisarufi nao, ambao si mgeni kwake kwa kuwa Kisukuma pia kina ngeli, utamjia ukiwa na kazi ya kufanya. Twakiri kwamba kapu moja haliwatoshi watoto mia. Lakini makapu ya Usukumani si ya kuagizwa ng'ambo.

Kwa hiyo twapendekeza kielelezo kibaki kuwa kitu cha kutazamwa, na kapu letu liitwe kichocheo cha mazungumzo. Mtaala wa mwaka 2015 wa darasa la I na la II ulijulikana kwa herufi KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. K ya kuzungumza haikuingia katika jina hilo. Mfasiri wa miongozo ya kigeni naye ajihadhari: akikuta maelezo ya kitu cha kumfanya mtoto aseme, kisha akaandika zana tu, mwalimu wa Bariadi atainua kalamu tena.