Nom, postnom, prenom: kukopia data si mstari mmoja

Wandugu, kila mwaka wakati wa kutetea TFC za informatique ukikaribia, ninapewa mbili tatu nisome mbele ya juri. Karibu zote ziko na ukurasa wenye kunikasirisha: ule wa kuhamisha data kutoka jedwali la zamani kwenda jipya. Mwandishi anaweka INSERT INTO, anaweka SELECT *, anaandika "data zimehamishwa", basi, anarukia picha za skrini.

Mimi ile nyota naikataa. SELECT * haiunganishi kolone kwa majina, inafuata mpangilio tu: ya kwanza inaingia katika ya kwanza, ya pili katika ya pili. Sasa angalia fishi ya mwanafunzi wa kwetu Congo: nom, postnom, prenom. Zote tatu ni maandishi tu. Kama jedwali la zamani lilianza na prenom na jipya linaanza na nom, MySQL haitalalamika hata kidogo. Itapokea mistari yote na kukuambia kazi imeisha muzuri. Kosa litaonekana siku mtu anapokea diplome yenye majina yamepinduka, na sisi wote tunajua kurekebisha jina kwenye karatasi kunakula siku na feza. Kumbe kuandika majina ya kolone pande zote mbili ni kazi ya dakika moja!

Wengine wanatumia CREATE TABLE ... AS SELECT. Iko haraka, ndiyo, lakini katika MySQL jedwali jipya linazaliwa bila ufunguo wa msingi wala indeksi za lile la zamani. Mwanafunzi mmoja anaweza kuandikwa mara mbili, hakuna wa kumzuia. Na umeme ukikatika katikati? InnoDB inafuta yale ambayo hayakufikia COMMIT. MyISAM inakuachia nusu, na START TRANSACTION haiisaidii kitu. Katika TFC hizi sijaona hata mstari mmoja juu ya jambo hilo, na umeme wetu tunaujua.

Lakini kuna kitu kinanisumbua zaidi. Edgar Codd, katika makala yake ya mwaka 1970 akiwa IBM, alizungumzia data yenye kurudiliwa na namna inaweza kupingana. Walimu wetu wamelishika neno hilo mpaka wanafunzi wanaogopa kukopia hata pale inapolazimika. Chukua duka: bidhaa iko na bei kwa dola, mteja analipa franga, taux inabadilika. Jedwali la mauzo linabeba namba ya bidhaa tu, bei inasomwa kwa jedwali la bidhaa. Mwenye duka akipandisha bei leo, fakture za mwezi uliopita nazo zinapanda! Bei na taux ya siku ile ni habari ya mauzo yale, si ya bidhaa, kwa hiyo zikopiwe ndani ya mstari wa mauzo na zikae pale. Hapo hakuna kupinga Codd, juu bei ya jana na bei ya leo ni vitu viwili.

Telefone ya mteja, yeye, ibaki pahali pamoja, juu ikibadilika tunataka ile mupya tu. Katika TFC nimemaliza kusoma juzi, telefone ilikopiwa kwa kila fakture, bei haikukopiwa hata mara moja.