Kikombe Kimevunjika

Mtoto akiangusha kikombe jikoni, mama akauliza kuna nini huko, jibu mnalijua: "Kikombe kimevunjika." Hasemi "nimekivunja". Kiswahili kimempa mlango wa uani, naye anautumia. Walimu wa sarufi wanaiita kauli ya kutendeka. Kitu kimetokea, mtendaji hayumo kwenye sentensi, na wala hatakiwi awemo. Mama anayeijua lugha yake huuliza swali moja tu: "Kimevunjika chenyewe?"

Leo nataka kuliuliza swali hilo kwenye mpira. Najua blogu hii ni ya vitabu na kuna msomaji ameshaanza kukunja uso. Nivumilie. Kwa maoni yangu, siasa za klabu zetu za Kariakoo ndizo hadithi ndefu kuliko zote zilizowahi kutungwa na watu wa Dar es Salaam. Ina karibu miaka 90, wahusika wake hawahesabiki, na kila usiku inaongezewa sura. Tatizo ni namna tunavyoisimulia.

Ninaishi Upanga. Kwenda kwa mjomba wangu Kariakoo ni mwendo wa miguu, kama jua halijawa kali. Mjomba ni mwanachama wa kufa wa klabu mojawapo kati ya zile mbili (siitaji, nisije nikanyimwa chai). Kadi zake za zamani kazihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na cheti cha ndoa. Jumapili moja nilimwomba anisimulie mgogoro wa Yanga wa katikati ya miaka ya 1970, ule uliozaa Pan African. Akasimulia vizuri mno, saa nzima, kahawa ikapoa. Nikarudi nyumbani kuandika nilichosikia, nikakuta nina vitenzi hivi: *iligawanyika, ilichafuka, yaliharibika, ilishindikana, wakatawanyika*. Saa nzima ya kutendeka! Klabu nzima imevunjika, na hakuna aliyeigusa.

Wasiozijua habari hizi niwape kwa ufupi. Yanga ni ya 1935, Simba ni ya 1936, na wazee wengi husimulia kwamba mzizi ni mmoja: vijana wale wale wa mjini, wakapishana, wengine wakaondoka. Walioondoka wakajiita Queens, baadaye Eagles, baadaye Sunderland, mpaka 1971 lilipokuja jina la Simba. Kwa hiyo upinzani huu wenyewe ni mtoto wa mgawanyiko. Miaka 40 baadaye ikawa zamu ya Yanga kupasuka tena. Kundi lililotoka likaunda Pan African, likaondoka na wachezaji wa maana, na mwaka 1982 likatwaa ubingwa wa nchi. Waliobaki Jangwani walionja gharama mapema: Julai 1977 Simba iliwafunga 6-0, Abdallah Kibadeni peke yake akatia matatu. Matokeo hayo hadi leo hutajwa kwenye vijiwe kama msiba, au kama harusi, inategemea umekaa upande gani wa benchi.

Sasa, mtaa uliusimuliaje mgogoro ule? Hapa ndipo mhakiki ndani yangu anapoamka. Mtaa haukusema "kundi la kwanza" na "kundi la pili". Ulisema Raizoni na Kandambili. Raizoni ni vile viatu vya miaka ya 1970 vya soli nene, vya kijana anayetaka kuonekana. Kandambili ndiyo ile ile unayoijua, ya kwenda nayo bafuni na sokoni. Mgogoro mzima wa uongozi, fedha na nani ana haki ya kuamua ukatiwa ndani ya jozi mbili za viatu.

Darasani tungeiita taashira, kitu kidogo kinachosimama badala ya kikubwa kinachogusana nacho. Lakini tazama taashira hii inafanya nini. Inawarudisha watu kwenye sentensi. Ukisikia "iligawanyika" huoni mtu. Ukisikia "Kandambili" unaona mguu, vumbi, mtu ametoka nyumbani hakubadilisha. Ukisikia "Raizoni" unaona kijana kajipamba, na unasikia wivu wa anayemsema. Jina linakuambia kwamba ugomvi ulihusu pia hadhi: nani mtu wa mjini na nani mtu wa kawaida ndani ya klabu ile ile. Ripoti ya kamati ingehitaji kurasa ngapi kulisema hilo, kama ingethubutu?

Na mtaa uliendelea na kazi yake. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 tukapata Yanga Asili na Yanga Kampuni, halafu Yanga Academia. Soma majina hayo kwa mfuatano utaona nchi inavyobadilika. Kutoka viatu tumehamia kwenye swali la umiliki: klabu ni mali ya asili au ni kampuni? Miaka kadhaa baadaye swali hilo likapewa tarakimu. Desemba 2017 wanachama wa Simba walimpokea Mohammed Dewji na dau lake la shilingi bilioni 20, na mjadala wa mtaani ukawa wa hisabati, 51 kwa 49, wanachama na mwekezaji. Sijasikia tusi zuri wala jina zuri lililotokana na hisabati hiyo. Asilimia hazivai viatu.

Nisiusifie mtaa kupita kiasi, lakini. Jina la utani lina dhambi zake. Linamfunga mtu upande mmoja hata kama alikuwa anasitasita. Linachekesha, na kicheko hufunika hesabu: fedha zilikuwa wapi, nani alisaini, nani alikuwa na ufunguo wa ofisi. Ukiniambia "Raizoni" najua ulivyowaona, bado sijui walichofanya. Ndiyo maana nasema hadithi hii haijakamilika. Tuna majina makali na vitenzi laini.

Na vitenzi vya siku hizi vimekuwa laini zaidi, ila kwa namna nyingine. Chukua Machi 8, 2025. Dabi ilikuwa ipigwe Uwanja wa Benjamin Mkapa. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba ikatoa taarifa: walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni, kwa hiyo hawatacheza. Bodi ya Ligi ikatoa taarifa yake: mchezo hautakuwepo siku hiyo. Yanga nayo ikatoa msimamo wake, na timu ikaenda uwanjani kama vile hakuna kilichosemwa. Watu walikuwa wameshapanda mabasi kutoka mikoani. Dabi ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0 na kubeba ubingwa.

Taarifa kwa umma ni utanzu, tukubali tusikubali. Ina nembo juu, sahihi chini, na katikati ina kauli ya kutendwa: *umeahirishwa, imeamuliwa, imebainishwa, inasisitizwa*. Hapa kuna tofauti na kile kikombe. Kutendeka kunadai hakuna aliyefanya. Kutendwa kunakiri yupo aliyefanya, ila anakufungia mlango. "Mchezo umeahirishwa" maana yake kuna watu walikaa mahali, wakapigiana simu, wakapima nani atakasirika zaidi. Sisi tunapewa kitenzi kilichokwisha pikwa.

Jambo hili halikomei Msimbazi. Agosti 2022, mkutano mkuu wa CAF ukiwa Arusha, ilitangazwa ligi mpya ya vigogo wa Afrika, klabu 24 na zawadi ya dola milioni 100. Ilipokuja kuchezwa Oktoba 2023 klabu zilikuwa 8, na lile jina la "Super League" lilikuwa limebadilishwa kuwa African Football League. Mechi ya ufunguzi ilikuwa hapa hapa kwa Mkapa, Simba na Al Ahly, 2-2, Infantino jukwaani. Raha tuliipata, sitaki kudanganya. Lakini bingwa wa Tanzania msimu uliotangulia alikuwa Yanga, tena aliyetoka kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho. Kwa nini Simba? Sababu ya kuitetea Simba ipo, maana ilikuwa imefika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa zaidi ya mara moja. Ila hoja hiyo tulijitengenezea wenyewe kwenye baraza za kahawa. Huko juu neno lilikuwa moja, "imechaguliwa". Mwaka uliofuata mashindano hayakuchezwa, na mpangilio mpya wa soka la Afrika ukanyamaza kimya kama redio iliyoisha betri.

Wamarekani nao wana ugonjwa huu, kwenye michezo ya vyuo vikuu. Pac-12, umoja wa vyuo vya pwani ya Pasifiki ulioanza 1915, ulikimbiwa na wanachama 10 kati ya 12 kufikia 2024, kisa kikubwa kikiwa fedha za televisheni. Stanford na California wakahamia umoja ambao jina lake lina Pwani ya Atlantiki. Ni kama timu ya Kigoma ijiite Coastal Union. Jina limebaki, maana yake imeondoka zamani, na kila chuo kilitoa taarifa ya kuaga yenye maneno matamu kuhusu mustakabali wa wanafunzi. Anayesafiri kuvuka bara zima kwenda kucheza mechi ya katikati ya wiki ni mwanafunzi huyo huyo.

Nimrudie mjomba. Juma lililofuata nilikwenda na daftari langu. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba. Juzi ulisema klabu iligawanyika. Iligawanyika yenyewe?"

Akanitazama kwa muda. Halafu akaniambia habari ambayo hakuwahi kunipa. Alikuwa na rafiki, mtu wa mtaa wao, wamekua pamoja, wamelala jamvi moja. Mgogoro ulipokuja yule akaenda na walioondoka, mjomba akabaki. Hawakusalimiana miaka sita. Walikutana tena kwenye msiba, wakashika jeneza moja, wakaanza kuzungumza kana kwamba ilikuwa jana. "Sasa we mtoto," akasema, "unataka nimtaje kwamba yeye ndiye aliyefanya nini na nini? Wajukuu zake wako hapo nyuma. Tulipatana kwa kutosema."

Nilifunga daftari. Jibu lile lilinipunguzia ujuaji. Nilikuwa nimeichukulia kauli ya kutendeka kama uongo tu, mlango wa uani wa mwenye makosa. Kwa mjomba ni stara. Watu wanaobanana uchochoro mmoja, wanaochotea maji bomba moja, wanahitaji sentensi isiyo na mshtakiwa ili kesho waamkiane. "Iligawanyika" ni mkataba wa amani.

Lakini hapo hapo ndipo ninapoona tofauti, na ndiyo hoja yangu yote. Stara ya mjomba inaweza kuulizwa. Nilimuuliza "yenyewe?", akanijibu, hata kama jibu lilikuwa sababu ya kutokujibu. Analibeba yeye, kwa jina lake, kwenye baraza lake. Taarifa yenye nembo haina baraza. Ukiiuliza "na nani?" inakurudisha kwenye kifungu cha kanuni. Ya kwanza inanyamaza ili watu waendelee kuishi pamoja. Ya pili inanyamaza ili uamuzi usiwe na mwenyewe, na anayelipa nauli ya basi kutoka mkoani asiwe na wa kumlaumu.

Ndugu waandishi, na mnaojiita mashabiki tu, kazi ipo. Hatuna riwaya ya Raizoni na Kandambili ninayoweza kumpa mpwa wangu, na walioivaa ile kandambili sasa wana miaka 70 na kuendelea. Nyumba za Kariakoo walizokaa zinageuka maghorofa ya maduka, na mabaraza yanaondoka nazo. Nenda kamsikilize mmoja. Usiende na hukumu, nenda na kahawa. Akisema "yaliharibika", muulize lile swali la mama jikoni, kwa adabu, halafu kaa kimya usikie. Ukishaandika kilichoweza kusemwa, acha na ile nafasi alipokataa kusema. Riwaya nzuri ina pa kuiweka nafasi hiyo. Taarifa kwa umma haina.